Umefunga Habu?



Nisaidie kwanza kusikia sauti moja. Injini ya dizeli inanguruma, mngurumo unapanda, unapanda tena, na juu yake tairi linachapa tope, pwata-pwata-pwata. Gari haliendi. Linajichimbia palepale. Kama umewahi kusafiri masika kutoka Ifakara kwenda Malinyi, au kushuka kutoka Sumbawanga kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, au kukatiza Kajiado baada ya mvua ya usiku kucha, sauti hiyo huhitaji kuelezwa.

Mimi niliisikia kwa saa moja na robo, nimekaa kiti cha nyuma cha Landikruza mkonga katikati ya mashamba ya mpunga, makasha ya chanjo yakiwa yamenibana magoti. Landikruza mkonga, kwa asiyeijua, ni ile yenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo mfano wa mkonga wa tembo. Dereva wetu alikuwa kijana hodari. Alitia fowili ili magurudumu yote manne yavute, akatia gia ndogo, akarudi nyuma, akaenda mbele. Magurudumu ya nyuma yalizunguka kama cherehani. Ya mbele yalitulia tuli, utadhani yamekuja kutazama tu. Mwishowe alizima injini akatoa hukumu: "Fowili imekufa."

Ndipo akatokea mzee mmoja anasukuma baiskeli iliyoshiba udongo hata magurudumu yake hayazunguki. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Injini hakuiuliza habari. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la mbele la kulia, akalifuta katikati kwa kiganja, akatazama. Akazunguka upande wa pili, akafanya vilevile. Akasimama, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Mwanangu, habu umefunga?"

"Nimefunga, mzee."

"Umefunga moja."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu, na leo nataka nilifungue mbele yako, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho mtu anayepanda, anayeendesha au anayemiliki gari la fowili anapaswa kukijua kuhusu habu.

Chukua gari la namna hii. Landikruza za familia ya 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984 na mpaka leo zinatengenezwa. Patrol za zamani. Landrova za Sirizi. Suzuki ndogo za miaka ya 80. Nyuma ya giaboksi kuna boksi jingine dogo ambalo mafundi huliita transfa. Transfa inatoa propela mbili, moja inakwenda nyuma, moja inakwenda mbele. Ukiwa kwenye H2, inayopewa nguvu ni ya nyuma peke yake. Ukisogeza wenzo kwenye H4, transfa inazishika propela zote mbili na kuziamuru zizunguke sawasawa. Kila propela inaishia kwenye difu, na kila difu inatoa hafushafti mbili, kulia na kushoto. Mwisho kabisa wa hafushafti ya mbele, pale inapokutana na gurudumu, ndipo ilipo habu.

Habu ikifungwa, hafushafti na gurudumu vinakuwa kitu kimoja. Kimoja hakizunguki bila mwenzake. Habu ikifunguliwa, gurudumu linaelea kwenye beringi zake kama la mkokoteni, na hafushafti iliyo ndani yake inakaa kimya. Kwa hiyo unaweza kuvuta wenzo mpaka H4, taa ya fowili ikawaka kwenye dashibodi, propela ya mbele ikazunguka, difu ya mbele ikazunguka, hafushafti zikazunguka, na magurudumu ya mbele yasipate hata chembe ya nguvu hiyo. Taa haisemi uongo. Inakueleza habari za transfa tu. Habari za habu haizijui.

Sasa utaniuliza, kwa nini zisifungwe huko huko kiwandani, tukapumzika?

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni la transfa. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Chukua Landikruza ndefu, yenye karibu mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Izungushe duara ambalo ekseli ya nyuma ipo mita 6 kutoka katikati. Likimaliza mzunguko mmoja, ekseli ya nyuma imetembea kama mita 37 na nusu hivi, na ya mbele mita 42. Zaidi ya mita 4 hazilingani, na H4 imeziamuru propela zilingane. Kwenye tope tofauti hiyo inatokea matairini, yanateleza kidogo, hakuna anayejua. Kwenye lami kavu matairi yanang'ang'ania, na ubishi unarudi ndani ya chuma, kwenye propela, kwenye meno ya difu, kwenye transfa yenyewe. Usukani unakuwa mzito, gari linarukaruka kwenye kona, na wenzo unakataa kurudi H2. Kwa hiyo H4 kwenye lami kavu ni marufuku.

Jambo la pili ndilo la habu, na lenyewe ni dogo zaidi. Habu zikiwa zimefungwa nawe upo H2 kwenye lami, hakuna ubishi wowote, kwa sababu transfa haijazishika propela zote mbili. Kinachotokea ni kwamba magurudumu ya mbele yanazungusha hafushafti, difu na propela ya mbele, mzigo wote huo wa chuma na oili, bila faida. Kelele kidogo, mtikisiko kidogo, usukani mzito kidogo, dizeli kidogo, uchakavu kidogo. Ukizidisha kidogo hizo kwa safari ya Dar es Salaam mpaka Mbeya na kurudi, kila wiki, mwaka mzima, utaelewa kwa nini mtu aliona haja ya kuvumbua habu.

Na zilivumbuliwa kwa sababu hiyohiyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Marekani ilibaki na Jeep za jeshi zisizojua pa kwenda. Viwanda vya Willys na Ford vilikuwa vimetengeneza zaidi ya laki sita. Wakulima na wawindaji wakazinunua. Porini zilikuwa neema, barabarani zilikuwa karaha, kwa kuwa ekseli ya mbele ilizunguka muda wote, itakiwe isitakiwe. Mwaka 1948, huko Seattle, Arthur Warn alianzisha kiwanda cha kutengeneza habu za kufunga na kufungua kwa ajili ya Jeep hizo. Leo ukitaja Warn mtu anafikiria winchi. Winchi ya umeme ilikuja 1959; iliyotangulia ni habu. Mwaka huohuo wa 1948, mwezi Aprili, Landrova ya kwanza ilikuwa inaoneshwa Amsterdam. Baadaye kampuni ya Fairey ya Uingereza ikatengeneza habu za Landrova, na mwenye gari akazinunua kama pambo la ziada. Pambo lenyewe, wengine waliliona ni la lazima.

Ndani yake si mashine ya kutisha. Kuna kipande cha katikati kilichoshika hafushafti kwa meno, kuna ganda la nje lililobanwa kwenye gurudumu kwa nati, na kati ya hivyo viwili kuna pete yenye meno inayoteleza. Ukizungusha kishikio kwenda LOCK, springi inaisukuma pete ivishike vyote viwili. Ukizungusha kwenda FREE, pete inavutwa, inaachia.

Neno la kulikumbuka hapo ni springi. Meno ya pete na meno ya mwenzake hayakutani sawasawa kila mara. Wakati mwingine unazungusha kishikio mpaka mwisho, kinasoma LOCK, na ndani springi bado inasubiri. Gari likisogea mita moja, meno yanapata nafasi, tak, yanaingia. Dereva mzoefu, akishafunga habu, husogeza gari taratibu kabla ya kudai nguvu. Akikanyaga mafuta kwa pupa meno yakiwa nusu ndani nusu nje, atayalipua. Na wakati wa kufungua mambo yanageuka. Ukitoka kwenye fowili chuma kinakuwa bado kimejikaza, pete imebanwa, kishikio kinaonekana kimegoma. Dawa yake ni kurudi nyuma hatua chache, mkazo ulegee. Plaizi si dawa. Nimeona vishikio vilivyonyofolewa kwa plaizi, na kila mwenye gari alisema alikuta hivyohivyo.

Nikija kwenye matumizi, kuna suala moja linalozaa mengine yote. Ni lini ushuke ukafunge?

Habu za mkono hazifungwi ukiwa umekaa. Lazima usimamishe gari, ufungue mlango, ushuke, uinamie gurudumu la kulia, uzunguke mbele ya gari, uinamie la kushoto. Ukifanya hivyo mahali pakavu, kabla ya tope, ni kazi ya dakika moja na viatu vinabaki safi. Ukingoja mpaka unase, habu ipo chini ya tope, unaichimba kwa mikono, kishikio kimejaa udongo, na gari haliwezi kusogea ile mita moja ya kuyapa meno nafasi. Udongo wetu wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, hautoi nafasi ya pili. Unajaza michirizi ya tairi mara moja, tairi linakuwa laini kama chapati.

Mbona basi madereva wanangoja? Nimeuliza wengi, na jibu wanalonipa wakiwa peke yao silo wanalolitoa mbele ya bosi. Kiti cha mbele amekaa mkurugenzi, au mganga mkuu, au mgeni kutoka makao makuu. Dereva amepiga pasi. Kusimama njiani pakavu, ushuke, uiname kwenye magurudumu wakati gari halijakwama, kunamfanya bosi aulize, "Kuna tatizo?" Na kijana hapendi kuulizwa kama kuna tatizo. Anaona heri ajaribu kupita, akishindwa atashuka, hapo angalau kila mtu ataona sababu. Wewe unayekaa kiti cha mbele, jua kwamba ukimya wako unachangia. Ukiona lami imekwisha na mawingu yamekaa vibaya, muulize kwa upole, "Tufunge habu, au bado?" Utakuwa umempa ruhusa aliyokuwa anaitafuta.

Rai yangu binafsi ni kali zaidi. Masika yakianza, kama kazi yako ni ya vijijini, funga habu zote mbili na uziache hivyo mpaka mvua zikate. Nimeshaeleza, kinachokatazwa kwenye lami ni H4. Habu kufungwa hakuna ubaya. Dizeli itakayoongezeka ni ndogo mbele ya ile utakayoichoma ukinguruma kwenye shimo moja kwa saa nzima, mbali na fedha za vijana wa kusukuma, ambao kila kijiji chenye njia mbovu kinao na bei wanaipanga kwa kuangalia rangi ya namba ya gari. Kuna faida nyingine. Habu zikiwa zimefungwa, propela ya mbele inazunguka sambamba na ya nyuma, hivyo unaweza kutoka H2 kwenda H4 gari likitembea, mradi umenyoosha usukani na mwendo ni wa wastani. Zikiwa wazi, propela ya mbele imesimama. Ukilazimisha wenzo gari likiwa mwendoni unagonganisha kinachozunguka na kilichosimama, na kelele utakayoisikia itasikika pia mfukoni.

Kuna kosa jingine, na hili ni hatari. Mtu yupo kwenye mlima wenye utelezi, habu ziko wazi, anatia L4, yaani fowili kwa gia ndogo. Gia ndogo inazidisha nguvu ya injini zaidi ya mara mbili, na nguvu hiyo yote, ambayo ilikusudiwa ekseli mbili, inashuka kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Hafushafti za nyuma zimekatika hivyo. Wapo wajuzi wanaotumia ujanja huo kwa makusudi, wakirudisha trela kwenye uwanja mgumu, kwa upole, kwa sababu gia ndogo inawapa mwendo wa kinyonga bila usukani kukaza. Hao wanajua wanachokifanya. Mlimani, na tani moja mgongoni, usiwaige.

Turudi kwa mzee na "umefunga moja." Kwa akili ya kawaida, habu moja ikifungwa ungetegemea upate nusu ya msaada. Gurudumu moja la mbele livute, si haba. Hupati hata robo. Hupati kitu.

Sababu ni tabia ya difu. Difu ya kawaida humpa kila upande nguvu iliyo sawa na mwenzake, na kipimo chake anakiweka yule dhaifu. Upande mmoja ukiwa juu ya mwamba na mwingine juu ya utelezi, wa mwamba unapata ile nguvu kidogo tu ambayo utelezi unaweza kuibeba. Sasa fungua habu ya kushoto. Hafushafti ya kushoto haijashika chochote, inazunguka hewani bila kizuizi. Nguvu inayohitajika kuizungusha ni karibu na sifuri. Kwa hiyo upande wa kulia, uliofungwa barabara, nao unapewa karibu na sifuri. Gurudumu halitikisiki. Ndiyo maana magurudumu yetu ya mbele yalitulia vile huku taa ya fowili inawaka.

Kutokana na hapo utaona pia kwa nini habu na difu loki si kitu kimoja, ingawa kijiweni watu huyaita yote loki. Habu inaunganisha gurudumu na hafushafti yake. Difu loki, kwa magari yaliyonayo, inazifunga hafushafti mbili za ekseli moja pamoja, zizunguke sawa zitake zisitake. Umefunga habu zote mbili, umetia H4, na bado unaweza kukuta gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanazunguka bure, mawili mengine yamelala. Hapo hakuna kilichoharibika. Difu zinafanya zilivyoumbwa. Ndipo difu loki, au jembe, au matawi ya miti, yanapoingia kazini. Na jamaa zetu walioko Omani, wanaokatiza michanga ya Sharqiya, watakwambia hata hayo yote hayatoshi kama hujapunguza upepo wa matairi.

Landrova zinataka neno lake. Sirizi za zamani ni kama nilivyoeleza. Lakini Wan Ten iliyotoka mwaka 1983, ambayo baadaye ikapewa jina la Defender, ilibadilisha mpango. Inavuta magurudumu manne muda wote, na katikati, ndani ya transfa, kuna difu ya tatu inayoruhusu mbele na nyuma kutofautiana kwenye kona. Gari hilo halihitaji habu za kufungua. Kuna wenye magari waliozitia hata hivyo, kwa kubana mafuta. Sasa fikiria. Habu za mbele ziko wazi, propela ya mbele haina kizuizi, na difu ya katikati ina tabia ileile ya kumsikiliza dhaifu. Nyuma inapata nini? Sifuri. Gari zima, kwenye lami kavu, uwanja tambarare, injini nzima, linakataa kuondoka mpaka ufunge difu ya katikati. Fundi asiyejua ataishusha giaboksi chini kabla hajainama kutazama gurudumu.

Halafu zikaja za kujifunga zenyewe. Wazo lake ni zuri. Usishuke, usilowe, tia H4 tu, na hafushafti ikianza kuvuta habu inajifunga. Ukitaka kufungua, rudi H2, rudisha gari nyuma kidogo, inaachia. Nyingine, kama za Jimny iliyotoka 1998, zinafungwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira myembamba kutoka kwenye injini mpaka magurudumuni. Zikiwa mpya zinapendeza. Lakini mpira ni mpira. Tawi likiukwaruza, panya akiutafuna, tope likiziba, habu inabaki wazi huku dashibodi inakuwashia taa. Na aina fulani za zile zinazotegemea mvuto wa hafushafti huweza kuachia na kujifunga upya pale unapobadilisha mwelekeo wa nguvu, kwa mfano unashuka genge kwa breki ya injini. Ni sekunde chache tu, lakini ni sekunde zenyewe.

Mimi nimeshachagua upande. Kwa njia zetu, nipe habu ya mkono. Si kwa sababu ni ya kizamani, sina mapenzi na vitu vya kizamani kwa uzamani wao. Ni kwa sababu inanishusha garini. Nikiinamia gurudumu nimeshaona kina cha tope, nimeona michirizi ya gari lililotangulia imeelekea wapi, nimeona kama maji yanatembea au yamesimama, nimeona tairi lina upepo kiasi gani. Anayebonyeza kitufe huyaona hayo yote kupitia kioo chenye wipa.

Matunzo yake si mengi, ila hayasameheki. Habu isiyofungwa kiangazi kizima huganda. Grisi inakauka, pete inashika kutu. Vitabu vya magari haya vinashauri uendeshe kwenye fowili walau kilomita 16 kila mwezi, ili oili ya difu ya mbele ipande na kulainisha inakotakiwa. Chagua njia ya vumbi, si lami. Kwa Landrova za Sirizi ni muhimu zaidi, kwani pale juu ya kiungo cha gurudumu kuna bushi inayopata oili yake kwa hafushafti kuzunguka. Ukiacha habu wazi mwaka mzima, hafushafti imelala, bushi inakauka, na usukani unaanza kutetemeka.

Ukivuka mto maji yakafika juu ya habu, zitolewe mapema zikaguliwe. Grisi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeshanywa maji. Kwenye Landikruza fundi atakuta nati sita, na chini ya kila nati washa yenye umbo la koni iliyojibana ndani ya tundu lake. Anayejua hugonga kichwa cha stadi kwa nyundo ya shaba, koni inaruka yenyewe. Asiyejua huchokonoa kwa bisibisi kati ya vyuma viwili, anakwaruza pale panapokaa gaski, na kuanzia siku hiyo kila dimbwi linaingia ndani.

Ukinunua gari lililotumika, usiridhike na kauli ya muuzaji kwamba fowili inafanya kazi. Weka jeki, inua gurudumu moja la mbele, wenzo ukiwa H2 na habu ya gurudumu lililobaki chini ikiwa LOCK. Habu ya lililoinuliwa ikiwa FREE, zungusha gurudumu hilo kwa mkono; propela ya mbele isitikisike. Igeuze LOCK, zungusha tena. Sasa propela lazima izunguke. Rudia upande wa pili. Dakika kumi hizo zitakueleza zaidi ya maneno ya dalali wa mchana kutwa.

Na rangi. Maandishi ya LOCK na FREE hufutika kwa mawe na miaka. Nunua kikopo kidogo cha rangi nyeupe, chora mstari kwenye ganda palipo LOCK na mstari mwingine kwenye kishikio. Mistari ikikutana, umefunga. Hata usiku kwa tochi ya simu utaona.

Ile ya kwetu ya kushoto haikuwa na mstari. Aliyeizungusha alikuwa tandiboi wetu, kule tulikokunywa chai asubuhi, dereva akiwa amejifungia ya kulia mwenyewe. Kishikio kilikuwa kimeganda kwa mchanga kikakwama nusu ya safari, kijana akadhani ndiyo mwisho wake. Ilibidi tuichimbe kwa mfuniko wa sufuria. Mzee akamwaga maji ya dumu, akakitikisa kishikio kushoto kulia, kushoto kulia, kwa vidole viwili, bila haraka, mpaka kikafika. Halafu akamwambia dereva atie gia ya nyuma, asogee kiasi cha kiganja. Tukasikia tak. Gari likatoka kwa gia ndogo kana kwamba hapakuwahi kuwa na shimo.

Fedha alizikataa. Alisema aliwahi kuwa utingo wa Landrova ya chama cha ushirika, enzi za pamba, akaomba tu baiskeli yake ipande juu ya keria kwa vile ilikuwa haisukumiki. Tukampeleka mpaka kwake.

Siku ya tatu tukirudi, tulipoipata lami, dereva alisimama pembeni bila kuambiwa. Alishuka akafungua habu ya kulia, akazunguka mbele ya gari, akafungua na ya kushoto mwenyewe. Tandiboi alibaki ndani, amenuna.